Injini ya Axio ndani ya NZE ya zamani: kipi kinahama, kipi kinabaki

Swali la msomaji wa Bamburi: "Assalam aleikum, fundi. Nina Toyota Corolla NZE ya 2003, injini ya 1NZ, automatiki. Kila siku nateremka nalo mjini, na mara nyingine navuka Likoni. Miezi hii ya karibuni linakunywa oili. Naongeza karibu lita moja kila wiki mbili, na asubuhi nikiwasha linatoa moshi wa buluu. Fundi wangu anasema nisihangaike kufungua injini, ninunue ya Toyota Axio ya 2008 iliyotoka Japani, eti ni 1NZ hiyo hiyo na itaingia bila shida. Muuzaji ananipa injini pamoja na gia boksi yake. Je, ni kweli inaingia? Na logibuku, ile hati ya umiliki wa gari, itakuwaje?"

Waaleikum salaam, dada yangu.

Inaingia. Lakini haiingii nzima kama ilivyoshuka kutoka Japani, na hapo ndipo watu wengi wanapopotezea pesa. Nitakueleza kwa urefu kwa sababu swali lako naliona kila mara gereji, na magari mengi yaliyobadilishwa injini namna hii huishia kuwaka taa ya injini mwaka mzima bila mtu kujua kwa nini.

Kwanza, moshi. Umesema unatoka asubuhi unapowasha. Je, unakata baada ya dakika moja au mbili, au ukipanda daraja la Nyali huku umekanyaga mafuta unauona tena kwenye kioo? Jibu la swali hilo lina thamani kuliko injini yoyote utakayoonyeshwa. Moshi wa asubuhi peke yake, ambao unakata haraka, mara nyingi ni oili sili za valvu. Usiku kucha oili inachuruzika taratibu kupitia sili zilizokauka, na asubuhi inaungua yote kwa pamoja. Sili hizo hubadilishwa bila kung'oa injini. Moshi unaotoka kila unapokanyaga mafuta ndio unaonyesha ringi za pistoni zimechoka au zimeganda kwa uchafu.

Kuna kitu kidogo kingine ambacho mafundi wengi hukiruka: valvu ya kupumulia, ile inayorudisha mvuke wa oili kutoka ndani ya injini mpaka kwenye menifoldi, yaani mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda. Ikiziba, presha inajaa ndani na oili inatafuta pa kutokea. Ing'olewe, isafishwe, ipulizwe kwa mdomo. Hewa inatakiwa ipite upande mmoja tu. Kama inapita pande zote mbili au haipiti kabisa, nunua nyingine. Ni spea ya bei nafuu sana, na nimeona magari yakipunguza kunywa oili kwa hiyo peke yake.

Halafu pima kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda, silinda zote nne, injini ikiwa ya moto na akselereta imekanyagwa mpaka chini. 1NZ yenye afya huonyesha karibu psi 210. Ikishuka chini ya psi 156, Toyota wenyewe wanaihesabu imekwisha. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 15 hivi. Silinda iliyo chini ipime tena baada ya kutia kijiko cha oili kupitia tundu la plagi: kipimo kikipanda sana, ringi ndizo zinazovuja, na kikibaki palepale, tafuta kwenye valvu au gasketi ya hedi. Fundi asiyetaka kufanya kipimo hiki kabla ya kukuambia ununue injini, mimi nisingempa gari langu.

Tuseme sasa umepima, na ringi zimekwisha kweli. Hapo wazo la injini ya Axio si baya. NZE yako ni Corolla ya kizazi cha 2000 hadi 2006, na Axio iliifuata mwaka 2006. Injini ya 1NZ-FE iliendelea kutoka gari moja hadi jingine: sisi 1497, silinda upana wa milimita 75, mwendo wa pistoni milimita 84.7, cheni ya taimingi badala ya mkanda, VVT-i (mfumo unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka) upande wa valvu za kuingizia hewa. Bloki ni ile ile ya familia moja. Kilichobadilika kati ya miaka hiyo ni vitu vilivyoizunguka bloki, na hasa umeme.

Fungua boneti ya gari lako uangalie mlango wa hewa, ile throto iliyo mwanzo wa menifoldi. Mwambie mtu akanyage mafuta injini ikiwa imezimwa. Kama unaona waya wa chuma unavuta na mlango unafunguka, wewe una ile ya zamani. Mguu wako unavuta mlango moja kwa moja, na pembeni yake kuna kivalvu kidogo kinachoongoza hewa wakati gari limesimama huku linanguruma. Axio haina waya huo. Pedali yake ni sensa, inapeleka habari kwa kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoamua mlango ufunguke kiasi gani kwa kutumia mota. Kompyuta ya NZE yako haijui kuendesha mota hiyo. Fundi akikufungia injini pamoja na throto yake ya Axio, gari halitakwenda, au ataanza kukata na kuunga waya mpaka usiku.

Kwa hiyo nunua chuma cha Axio, bakia na umeme wa NZE. Ukishika hilo, mengine yote yanafuata. Kutoka kwa injini mpya unachukua bloki, hedi, cheni na vilivyo ndani yake. Kutoka kwa injini yako ya zamani unahamisha menifoldi ya kuingizia hewa pamoja na throto yake ya waya, injekta, menifoldi ya moshi pamoja na sensa za oksijeni, sensa ya joto la maji, sensa za krenki na kemshafti kama soketi zake zinatofautiana, koili zako kama bado nzima, na waringi yote ya injini bila kukata hata waya mmoja. Kompyuta inabaki ileile, funguo inabaki ileile, na kama gari lako lina immobilaiza, ile kinga ya wizi inayotambua funguo, haitajua kama kuna kilichobadilika.

Injekta nazitilia mkazo kwa sababu ndizo zinazosahauliwa. Zinafanana kwa macho, soketi inaweza hata kuingia, lakini kompyuta yako imepangiwa kiasi cha mafuta ambacho injekta zako za zamani hutoa. Ukiweka zingine zenye mtiririko tofauti, gari litawaka na kutembea, ila litakula mafuta au litakosa nguvu, na hutajua ulaumu nini. Zipeleke zako zioshwe na kupimwa mtiririko kabla ya kuzirudisha.

Sensa ya kusikiliza injini ikigonga nayo itazame. Toyota wana aina mbili: ile nene inayoskrubiwa moja kwa moja kwenye bloki, na ile bapa yenye tundu katikati inayobanwa na boliti. Kompyuta iliyozoea moja haielewi nyingine. Kama bloki mpya ina sehemu ya aina nyingine, fundi akuonyeshe kabla hajafunga chochote jinsi atakavyoifunga ile yako, kwa sababu ikiwa ndani ya gari kufika hapo kwa mkono ni taabu tupu.

Sasa gia boksi. Muuzaji anakupa ya Axio kama zawadi. Usiitie garini. NZE yako automatiki ni ya gia nne, na Axio nyingi za 1500 zina CVT, ile isiyo na gia za kuhesabika. Kila moja ina kompyuta yake, mafuta yake na mauntini zake, yaani vishikio vya kuifunga kwenye gari. Mafuta ya CVT na mafuta ya automatiki ya kawaida hayabadilishwi wala kuchanganywa. Gia boksi yako kama ilikuwa inabadilisha vizuri, inabaki. Hata flaiwili ya bati iliyo kati ya injini na toki konveta (kile kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi kwa kutumia mafuta), hamisha ile yako.

Hata hivyo gia boksi hiyo ya muuzaji ina faida moja kubwa ukiwa bado yadi kwake. Stata ya 1NZ inafungwa kwenye gia boksi, kwa hiyo injini iliyo na gia boksi yake inaweza kuzungushwa kwa betri ikiwa chini sakafuni. Nenda na fundi wako, betri iliyojaa na geji ya kompresheni. Toeni plagi zote nne, fungueni throto au muiondoe kabisa, kwa maana hii ya umeme hukaa karibu imefungwa, kisha mzungushe na mpime. Injini ikiwa baridi namba zitakuwa chini kidogo kuliko nilizokutajia. Unachotafuta ni zile nne zikaribiane. Muuzaji akikataa, ondokeni kwa heshima. Injini za Japani haziishi, iwe Changamwe au Mwembe Tayari.

Mkiwa hapo hapo, tazameni mambo mawili zaidi. Fungua kifuniko cha kutilia oili umulike ndani kwa simu. Chuma kiwe na rangi ya dhahabu au hudhurungi nyepesi. Tope jeusi zito kama grisi maana yake mwenyewe wa kwanza hakuwa akibadilisha oili, na ringi za injini hiyo zitakurudisha palepale ulipo. Kisha ingiza kidole kwenye shingo ya bomba la maji. Toyota za miaka hiyo hutoka na kulanti ya rangi ya waridi, na ndani kunakuwa safi. Ukitoa kidole chenye kutu, injini hiyo ilitiwa maji matupu.

Hapo lazima niseme neno kwa sisi wa pwani. Maji ya visima vyetu, kuanzia Mji wa Kale mpaka Kisauni, mengi yana chumvi. Kijana wa gereji anachota ndoo kisimani, anajaza redieta, gari linaondoka, na baada ya mwaka njia za maji ndani ya bloki na hedi zimeliwa. Nimefungua pampu za maji ambazo mapanga yake yalikuwa yamebaki vijiti. Ukitia injini mpya, osha redieta yako kwanza, weka thamostati mpya, na tia kulanti halisi iliyokwisha kuchanganywa. Soketi za umeme nazo hapa hugeuka kijani kwa hewa ya bahari. Zipuliziwe dawa ya kusafishia soketi moja moja wakati injini iko nje, maana soketi mbovu moja itakufanya uamini injini ni mbovu.

Kabla ya kulipa, beba gasketi ya menifoldi yako, hata iliyochakaa, uilaze juu ya hedi ya injini unayonunua. Matundu ya hewa na ya boliti yalingane. Fanya hivyo kwa gasketi ya menifoldi ya moshi pia. Ni kazi ya dakika chache na inakuonyesha kwa macho yako kama vitu vyako vitakaa. Vivyo hivyo linganisha sehemu zinapofungwa mauntini. Kama bano la upande wa cheni halifanani, hamisha lako la zamani. Usikubali kabisa mtu achomelee au atoboe tundu jipya. Injini iliyokaa kombo kwa milimita chache itakutikisia usukani na kula jointi za ekseli.

Wakati wa kufunga, kuna sehemu mbili ambazo ningependa usimame ukaangalie mwenyewe, hata kama si kawaida yako kukaa gereji.

Ya kwanza ni sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Sampu ya 1NZ hufungwa kwa silikoni, si kwa gasketi ya karatasi. Fundi mwenye hofu ya kuvuja hutia silikoni nene, na boliti zikibana, nusu yake inaingia ndani na kuning'inia. Kisha inakatika, inaogelea kwenye oili, na inakwenda kuziba chujio la pampu. Injini inakufa kwa kukosa oili ilhali oili imejaa. Mstari wa silikoni uwe mwembamba wa milimita tatu au nne, usio na pengo, unaopita upande wa ndani wa matundu ya boliti, na sehemu zote mbili ziwe zimepanguswa mpaka hakuna dalili ya oili.

Ya pili ni toki konveta. Inatakiwa iingie mpaka mwisho ndani ya gia boksi kabla injini haijasogezwa. Fundi aizungushe huku anaisukuma. Itadumbukia hatua kwa hatua, na kila hatua utasikia mgoto. Ikiwa imekaa sawa, injini na gia boksi zitakutana zenyewe kwa mkono, mdomo kwa mdomo, na konveta itakuwa bado inazunguka kwa uhuru. Ukiona pengo, na mtu anachukua spana kuvuta pengo hilo kwa boliti, mzuie hapo hapo. Atavunja pampu ya gia boksi, na gia boksi yako iliyokuwa nzima itakuwa gharama ya pili.

Kwa kuwa injini iko nje, badilisha oili sili ya nyuma ya krenki, sili za mbele, pampu ya maji, mkanda wa nje na plagi. Hizo ukiziacha utazifuata baadaye kwa bei ya kufungua upya. Oili tia 5W-30, lita 3.7 pamoja na filta mpya.

Huenda utasikia ushauri mwingine: nunua nusu gari, yaani mbele ya Axio nzima pamoja na waringi, kompyuta, pedali na funguo zake, uhamishe kila kitu. Inawezekana, na nimeona iliyofanywa vizuri. Lakini kwa gari la kwenda kazini sikushauri. Umeme wa Axio unategemea vifaa kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe, kuanzia kompyuta ya injini mpaka saa za dashibodi, na dashibodi ya NZE yako haiko katika mazungumzo hayo. Utaishia na geji ya mafuta isiyosema kweli au eisi isiyowaka, kwa faida ambayo huioni ukiwa kwenye foleni ya feri.

Sasa logibuku. Namba ya injini imeandikwa humo, na injini mpya ina namba yake iliyogongwa kwenye bloki. Ukibadilisha injini ni wajibu wako kuijulisha NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ili kumbukumbu zirekebishwe. Ombi linafanyika kwa mtandao kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, gari linapelekwa kukaguliwa, na unatakiwa uwe na uthibitisho wa mahali injini ilikotoka. Kwa hiyo siku ya kununua dai risiti yenye jina la biashara, aina ya injini na namba yake kamili, pamoja na nakala ya karatasi za forodha za mzigo ulioingia nao bandarini. Karatasi hizo zikikosekana siku hiyo, usitegemee muuzaji atazitafuta miezi sita baadaye. Soma namba kwenye bloki kwa tochi, ipige picha, na ulinganishe na risiti herufi kwa herufi. Namba iliyosuguliwa au inayoonekana imegongwa upya, iache injini hiyo ilipo hata kama ni bei ya bure. Huenda ilitoka kwenye gari la wizi, na atakayeulizwa ni wewe unayeliendesha.

Mjulishe pia bima wako kwa maandishi. Ukipata ajali na namba ya injini isilingane na iliyo kwenye karatasi, unampa mtu sababu ya kuchelewesha malipo yako. Kwa bahati nzuri, aina ya injini na ukubwa wake ni vilevile, kinachobadilika ni namba tu, basi mambo haya si mazito ukiyafanya mapema.

Mkataba na muuzaji uwe na siku za kurudisha, zimeandikwa kwenye risiti. Uhesabu siku hizo tangu injini iwake garini, maana siku saba za tangu kununua zinaweza kuisha injini bado imelala gereji ikisubiri sili.

Ikishafungwa, iwashwe na iachwe mpaka feni izunguke na kuzima mara mbili au zaidi, huku hewa ikitolewa kwenye njia za maji. Mashine ya kusoma makosa iunganishwe, na isionyeshe kitu. Baada ya siku chache za mjini, lipandishe barabara ya Nairobi mpaka Mazeras na kurudi, eisi ikiwa imewashwa. Kile kilima kitakuambia kuhusu joto na nguvu mambo ambayo Nyali haiwezi kukuambia. Ukirudi, ngoja lipoe, angalia kiasi cha oili na maji, na mulika chini pale injini inapokutana na gia boksi uone kama kuna unyevu. Kwenye kilomita 1000 za kwanza mwaga oili, badilisha filta, na pima tena ni kiasi gani kimepungua.

Lakini hayo yote yasubiri kipimo. Nitumie namba nne za kompresheni, kavu na zilizotiwa oili, na uniambie moshi unakata baada ya muda gani asubuhi. Usilipe hata shilingi moja ya injini mpaka tuwe tumeziona namba hizo.